Mlinda Mikoba Aingia Darasa la Kuogelea

Jumanne, 4 Februari

Nimejiandikisha darasa la kuogelea. Haya, na humu nimeliandika, sasa siwezi kukana.

Kosa ni la wifi. Tulikwenda pamoja kituo cha wazee kutafuta nafasi darasa la simu, lile wanalofundisha kupiga picha na kutuma ujumbe bila kumpigia mtu kwa bahati mbaya. Limejaa pomoni! Dada wa mapokezi akasema yamebaki mawili, kusuka vikapu na kuogelea. Wifi akamwambia, tuandike vikapu, huyu wifi yangu maji anayajua ya kwenye ndoo tu. Mbele za watu! Watu wakacheka. Ulimi wangu ukatangulia: mimi niandike kuogelea. Wifi akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili. Halafu – maana huyo kupitwa hajui – akasema basi naye aandikwe hukohuko, huyu akizama nani atapiga kelele?

Ndivyo tulivyo. Kaka yake, yaani mume wangu, alipofariki, wifi alikuja msibani na cherehani yake na mpaka leo hajaondoka. Mumewe naye alishatangulia. Wajane wawili, nyumba moja. Yeye fundi wa nguo, bado anashonea watu. Mimi nimestaafu udobi wa hospitali – mashuka, mashuka, mashuka. Hatugombani. Tunashindana tu.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mimi nimeyavulia mdomo tu, nguo bado. Lakini moyo unanidunda, na si kwa woga peke yake.

Alhamisi, 6 Februari

Somo la kwanza. Bwawa liko ndani ya jengo la michezo, nyuma ya kituo. Nilipofungua mlango nikapigwa na harufu ya dawa ya maji – ileile ya mapipa yetu ya mashuka meupe. Nikajiona nimefika kazini. Nilijiona hivyo mpaka nilipotia mguu.

Mwalimu ni binti mdogo, mwembamba, filimbi shingoni. Mjukuu wangu wa kwanza anamzidi umri. Lakini adabu! Alisimama mlangoni akatupa shikamoo mmoja mmoja, ameinamisha kichwa, na kila mmoja akamwitikia na kumuuliza habari. Tuko wengi. Mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, tumbo lake limemtangulia, alimuuliza mama hajambo, baba hajambo, alisomea wapi, ameolewa au bado. Wenzake wanamwita Breki. Nadhani nimeelewa kwa nini – akisimama mahali haondoki.

Mwisho tukaingia majini. Maji ya uvuguvugu, mpaka kifuani. Kuna chuma kimezunguka ukuta mzima, na sote, wanaume kwa wanawake, tukakirukia. Tukajipanga pale kama nguo kwenye kamba. Binti akaja katikati akasema kwa sauti ya chini, wazazi wangu, mkipenda, naomba tujaribu kuachia kidogo. Breki akamjibu, asante mwanangu, hapa panatutosha. Na sisi wengine tukashukuru. Hakuna aliyeachia. Muda ukaisha.

Njia nzima tumemsifu yule binti. Nimerudi na njaa ya kitoto. Nimekula mkate nimesimama.

Ijumaa, 7 Februari

Mwanangu kapiga simu. Shangazi yake keshamwambia, bila shaka. Akaanza: Mama, mfupa ukivunjika? Nikamwambia majini huwezi kuanguka, umeshaanguka tayari. Hakucheka. Akauliza kama kuna kitu cha kushikilia. Nikasema kipo, chuma cha ukutani, wala sikiachii. Ah, hapo akafurahi! Akasema vizuri Mama, hivyohivyo.

Sijui kwa nini ile furaha yake imenikera. Mtoto ana nia njema. Lakini imenikera.

Jumanne, 11 Februari

Nimecheka mpaka nimekunywa bwawa.

Wifi alitushonea nguo za kuogelea, yangu na yake. Kitambaa kizito cha buluu, mikono mirefu, suruali ndani, gauni fupi juu. Nzuri, siwezi kumnyima sifa. Ila wifi yangu tangu aanze ufundi hajawahi kutoa gauni lisilo na mifuko. Ndiyo alama yake. Anasema mwanamke asiye na mfuko ataweka wapi funguo? Basi akatia mifuko. Miwili kila nguo, mirefu, imara, ya kuingiza mkono mpaka kwenye kifundo.

Tukaingia majini. Mifuko ikajaa. Nikawa natembea kana kwamba nimebeba ndoo mbili. Kutoka ndiyo ikawa kioja – tunapanda ngazi, maji yanamwagika kutoka kiunoni, na Breki anapiga kelele, jamani, kamateni wale wanawake, wanaiba maji ya serikali! Binti wa watu akageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Wifi kafika nyumbani kajifungia chumbani. Sasa hivi nasikia cherehani. Anaishona midomo ile mifuko. Kuikata moja kwa moja hakuweza.

Alhamisi, 13 Februari

Habari kubwa. Mwishoni mwa Machi kituo kizima kinakwenda matembezi ziwani. Watu wa simu, watu wa vikapu, sote, basi moja. Na darasa la kuogelea litaingia ziwani na mwalimu wao! Tukapiga makofi, maji yakaruka.

Kisha mkuu wa kituo, amesimama pale ukingoni na viatu vyake vya kung'aa, akaongeza. Watakaoingia ni wale tu wanaoweza kuelea bila kushika kitu. Wengine watabaki ufuoni. Breki akauliza, watabaki wanafanya nini? Mkuu akazungusha macho, na katika watu wote wale macho yakatua kwangu. Akasema kwa upole, itakuwepo mikoba ya kuangalia.

Mikoba ya kuangalia! Kwa nini mimi? Nina alama usoni?

Jumapili, 16 Februari

Bado natafuna lile neno la mkuu.

Watoto walipokuwa wadogo, marehemu mume wangu alikuwa akitupeleka mtoni siku za mapumziko. Anavua shati hata hatujatandika mkeka. Yeye majini, watoto majini, wifi akiwepo naye anatia miguu na kupiga mayowe. Mimi mkekani na viatu. Viatu, saa yake, mashati, taulo, mkate usiliwe na siafu. Hakuna aliyenilazimisha. Ndiyo shida yangu hiyo: mtu akisema nishikie mara moja, mkono umeshapokea, akili inafuata baadaye. Kazini vivyo hivyo. Manesi walikuwa wakinipitishia mpaka watoto wao.

Sikuwa na huzuni, nisijidanganye. Nilikuwa nikiwatazama na nafsi yangu inatulia. Mume wangu alikuwa akitoka majini anameremeta, ananikumbatia makusudi aniloweshe, nami napiga kelele. Siku nzuri zile. Ila nilikuwa nikirudi nyumbani mkavu, wao wote wamelowa, na kwenye gari wanasimuliana mambo ambayo mimi sikuwemo.

Safari hii nataka niwemo. Basi. Sitaki kuvuka ziwa, sitaki medali. Nataka kulowa kama wenzangu, na mtu mwingine ashike mikoba.

Jumanne, 18 Februari

Hakuna aliyeachia. Somo zima tumezungumzia magoti.

Baadaye nilikuwa chumba cha kubadilishia nguo, nyuma ya pazia, mguu mmoja ndani ya sketi. Nikamsikia binti anaongea na mama wa usafi. Anasema ameshindwa. Watoto anaowafundisha Jumamosi anawaambia ruka, wanaruka. Lakini mtu wa umri wa bibi yake atamwamrishaje? Atampigiaje filimbi mzee mzima? Mama yake akisikia, atasema nini? Akasema tena, wananishukuru, mama, kila nikiwaomba wananishukuru! Na siku ya ziwani wote watakaa ufuoni kwa sababu yangu. Akaanza kulia. Mama wa usafi akamwambia vumilia, wazee ndivyo walivyo.

Nikabaki na mguu mmoja juu kama korongo. Sikuthubutu kutoka. Aibu! Sisi tunajisifu tumepata mwalimu mwenye adabu, kumbe adabu yake ndiyo inatuzamisha, na ya kwetu inamliza.

Sijamwambia wifi. Nafikiri.

Alhamisi, 20 Februari

Lo! Leo leo!

Tulipokwisha kujipanga ukutani nikasema kwa sauti, mwanangu, nina swali. Humu majini nani mkubwa? Akasema, ninyi wazazi wangu. Nikamwambia, sivyo. Huko nje sisi wakubwa. Humu wewe ndiye uliyezaliwa zamani, sisi tumeingia juzi, hata kutembea hatujajua. Kwa hiyo humu wewe ni bibi, na sisi wajukuu zako. Nikainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa maji. Shikamoo, bibi!

Binti kajifunika uso kwa viganja viwili. Nikadhani nimeharibu. Mara Breki – na Breki mzaha ndio chakula chake – akanguruma: shikamoo, bibi yangu, nimekuja likizo! Wakaitikia wote, shikamoo bibi, shikamoo bibi, ukumbi unavuma. Wifi akawa wa mwisho, amekaza midomo. Lakini nilishasema, kupitwa hajui. Akaitoa.

Binti akasema marahaba. Kasauti kadogo. Akasema tena, marahaba wajukuu zangu, kubwa kidogo. Akashika filimbi akaitazama, akaipuliza hata masikio yakaziba. Kisha akasema – sitasahau – nyie wajukuu, ukuta huo ni wa baba yenu? Mikono juu!

Mikono ikaenda juu! Tunacheka, lakini imekwenda juu, maana bibi kasema. Breki akayumba, akashikwa. Nikasimama peke yangu katikati ya maji bila kushika kitu, kwa muda wa kupiga chafya moja, halafu nikarudi ukutani mbio. Lakini nilisimama!

Tulipotoka akawa tena mtoto wa watu. Kaniletea kandambili, pole mama, shikamoo mama. Nikamuuliza mpaka uko wapi? Akafikiri, akasema, mguu wangu ukilowa tu, mimi bibi.

Nimemweleza wifi niliyoyasikia nyuma ya pazia. Akasema ningekuambia ufanye hivyohivyo. Haya, wifi.

Jumanne, 25 Februari

Bibi hana huruma kabisa. Leo tumetia nyuso majini. Aliyetoka mapema anarudia. Breki alileta hoja ya shinikizo la damu, akaambiwa daktari wake ndiye aliyemleta, barua ipo, zamisha kichwa mjukuu.

Halafu wifi akaelea.

Hivihivi tu. Bibi kamlaza chali, kamshika kisogo, kamwachia. Wifi huyo, juu ya maji, kama shuka lililotandikwa. Akafika mahali pa kukunja mikono juu ya tumbo! Watu wakashangilia. Nami nikashangilia, nikasema hongera wifi, nimefurahi.

Uongo. Nilifurahi baadaye, nyumbani, baada ya chai ya pili.

Jumatano, 26 Februari

Wifi kamsimulia muuza maziwa. Kamsimulia jirani. Mteja aliyekuja kupimwa suruali kasimuliwa akiwa na futi kiunoni, hana pa kukimbilia. Sikio linaingia maji, anasema, halafu unasikia moyo wako mwenyewe.

Nimepiga pasi mapazia yote. Hayakuwa na haja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeelea! Nimeelea nimeelea nimeelea.

Bibi alinilaza. Akasema legeza shingo, mjukuu, shingo si ya kubebea ndoo leo. Masikio yakaingia maji, kelele zote zikakatika. Nikaona dari. Nikasikia pumzi yangu ikitoka na kuingia, kubwa, tulivu, na nikasema moyoni, kumbe ndiyo haya, kumbe ndiyo haya waliyokuwa wakiyaona wenzangu miaka yote. Machozi yakanitoka, yakaenda zake kwenye maji bila mtu kujua. Nilimkumbuka mume wangu nikamcheka. Ungeniita tu, baba watoto. Ungeniita kwa nguvu ningekuja.

Nikasikia vicheko kwa mbali. Nikainua kichwa. Bibi amesimama juu yangu, mikono kiunoni, anasema: mjukuu, kidole.

Kidole changu cha mwisho, cha mkono wa kushoto, kilikuwa kimegusa ukuta. Naapa sikujua! Mkono umenyooka, mwili wote unaelea, kidole kimoja kimebaki nyumbani.

Haidhuru. Nimefurahi, na hii si ile furaha ya uongo. Lakini Bibi anasema kidole nacho ni kushika.

Jumanne, 11 Machi

Kidole tena. Bibi akanisogeza mbali na ukuta. Nikaelea – na nilipofumbua macho nilikuwa nimeelea mpaka ukutani, na kidole kipo palepale. Breki anasema ningekuwa lori ningepitia kituo cha ukaguzi kwanza.

Jioni wifi akanyanyua macho kwenye kazi yake, akasema kwa dhati kabisa, nikushonee soksi ya kidole? Tukatazamana. Tulicheka mpaka akakaa chini na pini mdomoni, nikamwogopea.

Tulipotulia akashika mkono wangu wa kushoto, akawa anakipapasa kile kidole kama anayetafuta kasoro ya kitambaa. Akasema, mimi siku ile nilijiandikisha kwa sababu nisingeweza kukaa hapa peke yangu nikisubiri mlango ulie. Siku ya kwanza niliogopa kuliko wewe, wifi, nilitetemeka mpaka meno. Kisha akauma uzi, akauliza kama taa ya jikoni imezimwa.

Miaka yote hii! Sikujua kama kuna kitu duniani anachokiogopa. Nilikwenda nikazima taa nikarudi nikakaa karibu yake.

Alhamisi, 20 Machi

Mkuu wa kituo alikuja kupanga majina ya ziwani. Wakaelea mmoja mmoja. Hata Breki, tumbo limesimama juu ya maji kama kisiwa, anaimba. Zamu yangu – kidole. Nilikiona kinakwenda! Nilikiona kwa macho yangu nikakiambia rudi, kikakataa.

Mkuu akasema haya, huyu mama atatusaidia ufuoni. Alisema kwa wema. Anamwona kila mtu kwa wema, ndiyo balaa yake. Binti alikuwa bado majini, kwa hiyo alikuwa Bibi. Akamkatiza – mkuu wake wa kazi! – akasema, huyo nitamwamulia mwenyewe, siku ileile, hukohuko.

Akatoka majini. Akaniuliza pembeni, mama, nimekosea? Nikamwambia sijui mwanangu, niulize siku hiyo.

Ijumaa, 28 Machi

Kesho. Taulo, kofia, mafuta ya kupaka, chupa ya chai. Wifi kaikata ile mifuko! Kaketi na wembe, kafumua mmoja mmoja, akasema ziwa ni kubwa, ikijaa hatutarudi.

Mwanangu kapiga simu. Kanisifu kwanza, halafu akaja polepole kwenye neno lake. Mama, ziwani hakuna ukuta. Ukibaki na mikoba si aibu, wapo wanaohitajika huko pia. Nikasema ni kweli. Kilichonikasirisha ni jinsi nilivyokubali haraka. Wifi akaninyang'anya simu. Akamwambia, sikiliza wewe, mama yako si kabati! Akakata.

Nikamwambia mtoto ana nia njema. Akajibu, najua, nimemlea na mimi. Kalale.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika nikiwa ufuoni. Nimekaa kwenye mkeka. Nimezungukwa na mikoba.

Niandike kwa mpangilio, labda moyo utatulia.

Basi lilikuwa la shangwe. Watu wa vikapu walibeba vikapu vyao vipya vimejaa maandazi, watu wa simu wakapiga picha kila nguzo ya njiani. Breki alikaa nyuma ya dereva akimwelekeza kubadilisha gia. Nilicheka kama wengine. Kisha tukateremka, nikaliona ziwa.

Halina ukuta. Nilijua halina, nani asiyejua? Lakini kujua ni kitu kingine. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, maji yanakwenda mpaka yanakutana na mbingu. Maji yenyewe mazuri, matulivu, mtoto angeweza kucheza. Mimi nikatandika mkeka.

Binti akanijia, viatu mkononi, miguu mikavu. Aliona uso wangu. Akasema kwa ile sauti ya mlangoni, shikamoo mama, kama hujisikii si lazima, mama, mimi sitaki kukulazimisha. Nami nikasema marahaba mwanangu, asante, hapa panatosha. Neno lilelile la Breki! Nikaona nafuu imenishuka mpaka tumboni, na ile nafuu ndiyo iliyoniuma kuliko yote.

Basi wakaanza. Mama mmoja wa vikapu, nishikie mara moja. Mkono ukapokea. Mwingine, nishikie na mimi. Dada wa mapokezi na simu yake. Breki kaniletea kofia, miwani, na meno yake yamefungwa kwenye leso, akasema hayo usiyachanganye na ya mtu. Mkuu akapita akasema mama, tungefanyaje bila wewe. Sasa siwezi hata kunyoosha miguu.

Wifi alipita. Amevaa nguo yake ya buluu isiyo na mifuko. Nilinyoosha mkono nipokee mkoba wake, nimezoea. Hakunipa. Kapita mpaka kule mbele, kauweka mkoba wake juu ya jiwe, peke yake, mtu yeyote angeweza kuuchukua. Kisha kaingia majini na hakugeuka nyuma.

Nimelia kidogo. Nimejifuta kwa leso, nashukuru haikuwa ya Breki.

Wanaelea sasa. Naona matumbo, naona vidole vya miguu. Breki anaimba bila meno. Wifi yuko pembeni yao, chali, uso juani. Kando yake pameachwa nafasi. Sijui kama ni makusudi. Ninamjua – ni makusudi.

Binti bado yuko ukingoni, anawahesabu kwa macho. Anavua filimbi anaivaa tena. Ananitazama. Nimeinamia kuandika ili asinione namtazama.

Ameingia majini. Kifundo. Magoti.

Amegeuka.

Mungu wangu, hiyo filimbi! Ufuo mzima umegeuka, hata watu wasio wetu. Anaita. Haniiti mama. Anasema, wewe mjukuu wa kwenye mkeka! Nimeshakuona! Weka kalamu chini, kila mtu ana macho ya kuangalia mkoba wake, inuka uje hapa, sirudii!

Na mimi nimeitika. Sikufikiri. Mtu mzima mwenye wajukuu, mbele ya mkuu, mbele ya vikapu vyote, mdomo wangu umeitika wenyewe kama nilipokuwa na miaka saba na bibi yangu ananiita uani – Abee!

Sasa nitasemaje siendi? Mtu hawezi kusema abee kisha akabaki ameketi. Nimesimama naandika. Meno ya Breki nimeyaweka juu ya kofia, mikoba imeanguka upande, iache. Wifi ameinua kichwa. Natembea naandika, mchanga una joto, maji yanafika hapa kwenye kidole –